Somo: Stesheni ya Makindu Ilijengewa Nani?

Tuliwaahidi somo juu ya kujua historia ya mahali penu kabla hamjaanza mradi. Tulikuwa tumepanga kuandika juu ya visima, lakini safari moja ya kutembelea vikundi vya Makindu, katika Kaunti ya Makueni, ilitubadilisha mawazo. Mkutano uliisha mapema, matatu ikachelewa (hilo si jambo geni), tukakaa kivulini karibu na stesheni ya zamani, sisi pamoja na kina mama kama kumi na wazee watatu. Ndipo tukauliza swali ambalo ndilo somo lenyewe: hii stesheni ilijengewa nani?

Jibu lilikuja mara moja. "Ilijengewa sisi." Mama mwingine akaongeza kwamba serikali ya zamani iliona watu wa hapa hawana usafiri, ikawahurumia. Mzee mmoja ambaye alikuwa fayamani wa treni za mvuke akacheka mpaka akakohoa. "Mwaitu," akasema, "wakati huo nyinyi hamkuwako hapa."

Tukamwomba aeleze. Na kwa kuwa yeye alieleza sehemu tu, ile aliyoiona kwa macho yake, sisi tumeongeza mambo mengine ambayo yanajulikana katika historia ya reli. Someni polepole kikundini. Anayejua kusoma asomee wenzake, na msimame kila mahali mtakapoona swali.

STESHENI ILITANGULIA KIJIJI

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Iliitwa Reli ya Uganda, na jina hilo peke yake linatufunza kitu. Waingereza walitaka kufika Ziwa Victoria na Uganda. Nchi iliyokuwa katikati, yaani nyika ya Taru, Tsavo, Ukambani na Bonde la Ufa, kwao ilikuwa njia ya kupita. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, mahali palipokuwa bado kinamasi, ikafika Kisumu Desemba 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini, kwa magonjwa, ajali na wanyama, na zaidi ya 6,000 walibaki katika nchi hii baada ya mikataba yao kuisha.

Wakamba husimulia habari za Syokimau, nabii mwanamke aliyeona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari, akipita nchini. Wengi wetu tulisikia hadithi hiyo kwa nyanya zetu kabla ya kuisoma shuleni. Leo kuna stesheni ya treni yenye jina lake karibu na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2012.

Sasa angalieni miaka. Reli ilipita Ukambani wakati wa ile njaa kubwa ya 1898 hadi 1899, ambayo wazee waliiita Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa maradhi katika miaka iliyotangulia, mvua ikakosekana, ndui nayo ikafuata. Watu waliuona ule msafara wa mchele na maji ukipita kwenye vyuma, na wao hawana kitu. Sisi huona kwamba hili lisisahauliwe tunaposema reli ilileta maendeleo. Ililetwa mahali ambapo watu walikuwa wanakufa, na haikuletwa kwa ajili yao. Ni kweli kwamba baadaye chakula cha msaada kiliweza kusafirishwa kwa reli, na katika njaa zilizofuata jambo hilo liliokoa wengi. Mambo yote mawili ni kweli, na kikundi kinachojifunza historia hakina haja ya kuchagua moja.

Upande huu wa Makindu na Kibwezi haukuwa na watu wengi kama vilima vya Machakos na Mbooni. Kulikuwa na wanyama wa porini, mbung'o, na wawindaji. Familia nyingi zinazolima hapa leo zilihama kutoka vilimani, na nyingi kati ya hizo zilikuja baada ya Uhuru, kutafuta shamba. Ndiyo maana mzee alicheka. Stesheni ilikuwako kwanza, watu wakaikuta.

Majina ya vituo yanaonyesha hivyo hivyo. Ukitoka Makindu kwenda Nairobi unapita Simba, halafu Emali, halafu Sultan Hamud. Hiyo ya mwisho ilipewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar wa miaka ile. Hakuna mzee wa Ukambani aliyeulizwa.

KIU YA GARIMOSHI

Basi kama haikujengewa watu, kwa nini ikawekwa hapa, isiwekwe kilomita tano mbele au nyuma? Tuliwauliza kina mama swali hili pia, na kwa muda hakuna aliyejibu. Halafu msichana mmoja aliyekuja na mama yake akasema, "Maji?" Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyu atakuwa dereva."

Ni maji. Treni za kwanza ziliendeshwa na mvuke. Moto ulichemsha maji ndani ya tangi kubwa la chuma, mvuke ukasukuma vyuma, vyuma vikazungusha magurudumu. Mwanzoni walichoma kuni na makaa ya mawe, baadaye mafuta mazito. Lakini hata moto uwe wa namna gani, maji lazima yawepo, tena mengi. Mvuke ukishatumika hutoka nje na kupotea hewani, kwa hivyo garimoshi hunywa njia nzima kama ng'ombe anayepelekwa sokoni wakati wa kiangazi. Ikikauka maji, chuma kinaungua na mtambo unaweza kupasuka. Huko Taru, wakati wa kujenga, maji ya wafanyakazi na ya mitambo yalibidi kuletwa kwa treni kutoka nyuma, kwa sababu njiani hayakuwako.

Makindu yapo. Jina lenyewe linatokana na mikindu, ile miti ya jamii ya mitende ambayo majani yake ndiyo ukindu wa kusukia mikeka. Mkindu hupenda miguu yake iwe majini. Na maji hayo yanatoka wapi, mahali pakavu namna hii? Yanatoka milima ya Chyulu. Mvua ikinyesha Chyulu haitiririki sana juu ya ardhi. Inazama ndani ya mawe ya volkano yenye matundu, inasafiri chini kwa chini, halafu inatokea kama chemchemi huku Makindu na Kibwezi, na upande wa pili inatokea Mzima, ndani ya Tsavo, ambako maji hupelekwa kwa bomba mpaka Mombasa. Wanavikundi wa huku, mkiona watu wanakata miti Chyulu, jueni ni kisima chenu kinachokatwa.

Kwa hivyo stesheni iliwekwa mahali ambapo garimoshi lingekunywa. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Njia ilikuwa moja tu, na treni ya kwenda na ya kurudi haziwezi kupitana kwenye njia moja. Kila baada ya kilomita kadhaa pakawekwa njia ya pembeni ya kupishania. Stesheni masta alimpigia simu mwenzake wa kituo kinachofuata kuhakikisha kwamba njia iko wazi, kisha akampa dereva ruhusa ya kwenda. Bila ruhusa hiyo dereva haondoki hata kama abiria watapiga kelele namna gani. Tukamwuliza mzee kama aliwahi kuona mtu akivunja sheria hiyo. Alisema, "Mara moja," akanyamaza. Hatukumsukuma.

Katika miaka ya 1955 na 1956 zililetwa treni kubwa za mvuke za aina ya Garratt, zile zilizoitwa daraja la 59. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na zilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani zinazokimbia kwenye reli ya upana wa mita moja. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Kikundi kikipata nafasi ya safari ya mafunzo, watoto wakaione. Mzee wetu alifanya kazi kwenye mitambo hiyo akiwa kijana, na anaitaja kwa majina ya milima kama mtu anayetaja ng'ombe wake.

HUDUMA TULIZOJIPATIA WENYEWE

Hapa ndipo habari inakuwa tamu. Stesheni haikujengewa kijiji, lakini watu wakaitumia. Treni ikisimama kwa ajili ya maji, abiria wako dirishani, wana njaa, na wana senti mfukoni. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na behewa la chakula, wakiandikiwa meza kwa vitambaa vyeupe. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na kitu isipokuwa dirisha. Soko la kina mama lilikuwa dirisha la daraja la tatu. Treni za abiria kati ya Nairobi na Mombasa kwa miaka mingi zilikuwa za usiku, basi mama alikaa na taa yake ya chimni, mahindi ya kuchemsha ndani ya sufuria iliyofunikwa gunia, machungwa, ndizi, mayai, chai kwenye birika. Wengine waliuza vyondo. Mama mmoja aliyekuwa pamoja nasi alisomesha watoto watatu kwa machungwa ya dirishani. Alitueleza kwamba aliyajua mabehewa kwa sauti, na alisimama mahali ambapo la tatu lingesimama, hakukosea.

Kulikuwa na huduma nyingine ambazo vijana hawazijui. Ofisi ya vifurushi: ungeweza kumtumia ndugu yako Mombasa debe la asali au gunia la ndengu, likapimwa kwenye mizani, ukapewa karatasi, naye akaenda na karatasi ya kwake kulichukua. Telegramu: habari ya msiba ilifika stesheni kabla ya kufika nyumbani, na stesheni masta alimtuma mtu na baiskeli. Barua zilikuja kwa treni. Godauni la mizigo lilipokea mkonge wa mashamba ya Kibwezi, makaa, mbao. Na saa! Watu wengi hawakuwa na saa, treni ndiyo iliyowaambia usiku umefika wapi.

Kulikuwa pia na ajira. Wafagiaji, wapiga rangi, watu wa kukaza misumari ya reli na kukata nyasi, walinzi, waliokaa kwenye nyumba za landi karibu na njia. Mshahara wa mwezi ulikuwa jambo geni katika nchi ya kusubiri mvua. Wenye mshahara ndio waliokuwa wateja wa kwanza wa maduka, na ndio waliochangia shule za kwanza. Ukitaka kujua kwa nini sokoni kuko upande huu na si ule, fuateni mguu wa mtu wa reli akitoka kazini tarehe ya mwisho wa mwezi.

Hatuwezi kuacha kutaja Wasingasinga. Wafanyakazi wa reli wa dini hiyo walijenga hekalu lao Makindu mwaka wa 1926, na mpaka leo msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula bure hapo, na anaweza kupata mahali pa kulala. Madereva wa malori wanapajua kuliko hoteli. Tunalitaja kwa sababu ni mfano wa kufikiria: garimoshi la mvuke limekwisha, kambi ya wafanyakazi imekwisha, lakini sufuria ya chakula ingali motoni. Wao walitumia nafasi ya reli kuanzisha kitu, kisha wakakifanya kisimame bila reli. Ni nini kilichokiwezesha? Jadilini hapo kabla ya kuendelea.

JINSI HUDUMA ZILIVYOONDOKA

Watu wengi husema stesheni "ilikufa" mwaka wa 2017, treni ya abiria ya zamani ilipoacha kwenda. Lakini mkipanga miaka vizuri mtaona kwamba ilianza kuondoka zamani sana, kidogo kidogo, na dalili zilikuwa wazi kwa aliyejua kwa nini ilikuwepo.

Dalili ya kwanza ilikuwa mtambo wa dizeli. Dizeli hainywi maji njiani kama mvuke. Kati ya miaka ya 1973 na 1980 zile Garratt kubwa ziliondolewa kazini moja baada ya nyingine. Siku treni ya kwanza ya dizeli ilipopita Makindu bila kuhitaji tangi, ile sababu kuu ya kusimama ilikuwa imekwisha. Je, kijiji kilifanya mkutano siku hiyo? Mzee anasema walipiga makofi kwa sababu ilikuwa haina moshi.

Dalili ya pili ilikuwa barabara. Ilipotiwa lami, na mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji, mtu wa safari fupi hakuwa na sababu ya kungoja treni ya usiku. Gunia likaenda kwa lori, kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikagawanywa. Kenya ikabaki na yake. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mitambo kuzeeka na fedha za matengenezo kuwa chache.

Januari 1993, baada ya mvua kubwa, daraja la mto Ngai Ndeithya, huku huku kwetu kusini mwa Kibwezi, lilichukuliwa na maji, na treni ya abiria ya kati ya Nairobi na Mombasa ikatumbukia usiku. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wengi wa wasomaji wetu wanakumbuka. Hatutaandika zaidi juu ya usiku ule. Tunasema tu kwamba mto uliokauka miezi kumi na moja unaweza kubeba daraja katika mwezi wa kumi na mbili, na wale wanaoishi karibu na reli au barabara wakiona udongo umechimbika chini ya daraja, wasinyamaze wakidhani wenye kazi wameshaona. Mwendeeni chifu, na mwandike barua mbaki na nakala.

Mwaka wa 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ulivunjwa mwaka wa 2017. Mwaka huo huo, Aprili, treni ya abiria ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ilisimamishwa, na mwishoni mwa Mei reli mpya, ile tunayoiita SGR, ikafunguliwa. Reli mpya inapita karibu, lakini vituo vyake vya abiria vilivyo karibu na Makindu ni Kibwezi na Emali. Mtu wa Makindu anayetaka treni lazima apande matatu kwanza, kurudi nyuma au kwenda mbele. Na ile treni ya kaunti ikisimama Kibwezi, abiria wako ndani ya vioo, na mama hawezi kufika dirishani na sinia lake. Tikiti ina nambari ya kitambulisho, mizigo inakaguliwa. Ni treni safi na ya haraka, hatuisemi vibaya. Zamani ilikuwa usiku mzima, sasa ni saa tano au sita mpaka Mombasa. Lakini haina daraja la tatu la zamani, na ndilo lililokuwa soko.

KOSA LETU

Tunataka kuwaeleza jambo ambalo halitupi sifa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kingine cha reli hii (si Makindu), tulikisaidia kikundi kimoja cha kina mama na wazee wachache kujenga stoo ya ndengu na maembe. Wanachama walikuwa 22. Waliweka akiba miaka mitatu. Ofisi yetu ikaongeza fedha sawa na zao. Mahali palipochaguliwa palikuwa pazuri sana, panapitika, hapana mawe, karibu na stesheni. Palikuwa wazi. Hakuna kati yetu, tuliosoma hayo mambo na kupata vyeti, aliyejiuliza kwa nini kipande kizuri namna hiyo kimekaa wazi miaka yote.

Si kweli kwamba hakuna aliyeuliza. Mama mwenyekiti aliuliza. Iko kwenye kumbukumbu za mkutano, tumeirudia kuisoma: "Mwalimu, na hapa ni kwa nani?" Nasi tukajibu, "Ni ardhi ya umma." Tulilisema hilo kama jibu la kumtuliza.

Stoo ilisimama muda mfupi. Siku moja ukutani palikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu. Mwaka huo wengi njia nzima walipata alama hiyo. Wanachama walifanikiwa kung'oa mabati na milango. Kuta na sakafu vilikwenda. Halafu yakaanza maneno, kama inavyokuwa hasara ikiingia: mwenyekiti amekula, mweka hazina amekula. Hakuna aliyekula hata shilingi. Kikundi kikabaki na watu tisa. Mama mwenyekiti hakurudi tena, na tulipomtembelea nyumbani alitukaribisha chai, akatuuliza habari za watoto, wala hakutaja stoo. Ingekuwa rahisi kwetu kama angetukemea.

Kwa sababu hiyo tunawaandikia wazi wazi. Ardhi ya umma haimaanishi ardhi ya yeyote anayeikuta. Ina mwenyewe, naye ni taasisi iliyokabidhiwa kwa kazi fulani. Ardhi ya kando ya reli iliwekwa tangu wakati wa ukoloni kwa kazi ya reli, hata kama treni haipiti. Wengi wanaamini kwamba ukikaa mahali miaka 12 bila kufukuzwa panakuwa pako. Sheria hiyo ipo kwa ardhi ya watu binafsi, tena ina masharti, na haigusi ardhi ya umma. Ukae 12, ukae 40.

Kabla ya kuchimba msingi, kikundi kitume watu wawili, si mmoja, kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti wakiwa na nambari ya ploti, waulize imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni ya reli, kuna njia ya kuomba kukodi, kwa maandishi, na mkataba una muda wake. Msimpe pesa mtu yeyote anayesema atawasemea. Risiti zote zikae kwa mweka hazina na nakala kwa katibu. Na kama mkataba unasema mnaweza kuondolewa kwa notisi, basi jengeni kwa mabati na mbao zinazobebeka, msijenge kwa mawe.

ZOEZI LA KIKUNDI: MSTARI WA MIAKA

Tafuteni kivuli chenye nafasi. Mchoreni mstari mrefu ardhini kwa majivu. Mwanzo wa mstari ni jambo la zamani kabisa ambalo mzee wenu anaweza kulitaja, mwisho ni leo. Wekeni mawe kwa kila jambo: stesheni, shule, kiangazi kikubwa, barabara, soko, simu. Wasioweza kuandika wachore au waweke kitu: gunzi la muhindi kwa njaa, kipande cha waya kwa simu. Makindu waliweka chungwa kwa miaka ya dirishani, na likaliwa kabla ya zoezi kwisha.

Upande wa juu wa mstari wekeni aliyelileta jambo na alilitaka kwa nini. Upande wa chini wekeni jinsi nyinyi mlivyolitumia. Msikubali jibu la kwanza. Mtu akisema "serikali", ulizeni "serikali ilitaka nini?" Akisema "maendeleo", ulizeni tena. Kule Makindu tuliuliza mara nne ndipo tukafika kwenye maji.

Halafu ulizaneni haya. Katika miradi yetu ya sasa, ni upi unaotegemea jambo lililoletwa na mtu mwingine kwa sababu zake? Sababu hizo zikiisha, tutajuaje? Nani katika kikundi ana kazi ya kuangalia dalili? Kikundi kimoja cha Makindu kinachouza matunda kando ya barabara kuu kilipofika hapo kilinyamaza kabisa. Malori husimama pale kwa sababu ya hoteli na uchovu wa madereva. Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Na malori yakiacha kusimama?" Wameanza kutafuta mnunuzi wa maembe yaliyokaushwa, ambayo hayangoji gari lisimame. Hatujui kama watafaulu. Wamekausha magunia mawili ya kwanza na moja liliingia unyevu.

Ninyi mlio mbali na reli, fanyeni somo hili kwa kitu chenu: kinu cha pamba kilichofungwa, bwawa la wakati wa ukoloni, kiwanda cha maziwa, hata hospitali. Nakilini mstari wenu kwenye karatasi kubwa, kisha mlete kwenye mkutano ujao wa vikundi vyote. Mzee fayamani amekubali kuja kueleza jinsi garimoshi lilivyojazwa maji. Anaomba apate mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi za ukumbi, na kikombe cha chai kisichokuwa na sukari.